Kivuli Kilichohudhuria Kliniki

Jumatatu saa nne asubuhi Deus alivuka mpaka na lori lake la salfa ya kupeleka migodini Kongo, na kivuli chake kikabaki Tunduma. Ofisa wa upande wa pili alikuwa amekagua kila kitu kwa subira: pasipoti, karatasi za mzigo, kadi ya homa ya manjano. Kadi ilikuwa moja. Akauliza ya kivuli iko wapi. Deus akasema hajawahi kuulizwa hiyo. Ofisa akasema basi leo ameulizwa. Foleni ya malori ilikuwa imefika Mpemba na madereva wa nyuma walishaanza kupiga honi, kwa hiyo Deus hakutaka makuu. Alikiacha kivuli kimesimama kando ya lango, akaingia Nakonde, upande wa Zambia, akiwa mwepesi kidogo.

Kivuli kilikaa pale hadi saa nane, kikikanyagwa na wabadilisha fedha na bodaboda. Kisha kikarudi nyumbani, maana njia kilikuwa kinaijua.

Mke wa Deus, Gwantwa, alikuwa uani anachambua maharage. Alikitambua kwa bega la kulia lililoinama kwa kuzoea dirisha la lori.

"Karibu," alisema, akasogeza ungo kipate nafasi ukutani.

Mama mkwe wake, Ketrina, aliyekuja kutoka Msangano kumwangalia mpaka ajifungue, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikitazama kivuli kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Angalau huyu hatamaliza ugali," akasema, akarudi jikoni.

Gwantwa alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Kila Jumatano kituo cha afya cha mtaani kilikuwa na darasa la wajawazito, na wiki iliyotangulia alikuwa amekwenda peke yake. Muuguzi, Sista Nesta, alimwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni: mama aje na mwenza.

"Mume wangu yuko safari, sista."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Basi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua kwamba huna mwenza."

"Lakini ninaye."

"Barua haina mahali pa kuandika hivyo."

Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, ili akina baba nao wapime na wajifunze. Waliokuja na waume waliingia kwanza. Wenye barua walisubiri mwisho wa benchi la nje, wakaitwa saa saba, sauti ya Sista Nesta ikiwa imekauka. Wasio na mume wala barua walirudi nyumbani.

Barua Gwantwa hakuitaka. Kwao Ibaba, kitu kikishapigwa mhuri huwa ni kweli, na aliogopa kuwa Deus angefika Kolwezi, huko Kongo, akute ameshaandikwa kuwa hayupo.

"Achana nao," Ketrina alimwambia. "Mimi nimezaa saba bila kufundishwa na mtu. Mtoto mwenyewe anajua njia."

Gwantwa hakubishana. Mama yake mwenyewe alikuwa amezaa wanne bila kufundishwa. Kwa wa tano aliamka na kichwa kinauma, akasema anaona nyota mchana. Wakampa chai ya rangi ya moto, na Gwantwa, aliyekuwa na miaka tisa, akatumwa kitambaa, akamfunga mama yake kichwani, akakaza kama alivyoambiwa. Jua lilipozama hapakuwa na mama wala mtoto. Kwa hiyo Gwantwa hakutaka kufundishwa kuzaa. Alitaka mtu amwambie kile kilikuwa kichwa cha nini.

Alifikiri siku mbili. Kwenda na kivuli kulikuwa sawa na kukubali kwamba yeye na tumbo lake hawatoshi. Kutokwenda kulikuwa kukaa nyumbani na kitambaa.

Jumatano asubuhi Ketrina alikikuta kivuli bado kimeegemea ukuta. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Kama unakwenda, nenda nacho. Kikae hapa kinafanya nini?"

Kituoni Sista Nesta aliangalia sakafuni, kisha ukutani.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye. Deus."

"Mbona haongei?"

"Hata akiwepo mzima haongei sana, sista."

Sista Nesta alisogeza daftari la sahihi za wenza. Kivuli kikainamia ukurasa, ukurasa ukawa na giza kidogo, na muuguzi akasema hiyo inatosha. Waliitwa wa tatu. Mwisho wa benchi Aida, jirani yao aliyeuza dagaa sokoni, alikunja miguu ili asikikanyage kivuli kikipita. Yeye alikuwa na barua. Mwenyekiti alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Darasani waume wazima waliangalia simu. Kivuli kilisikiliza. Sista Nesta alipotoa mwanasesere ili wajifunze kumwogesha mtoto, kivuli kilipeleka mikono chini ya shingo ya mwanasesere kabla hajamaliza kueleza, naye sista akakisifu mbele ya watu.

Jumatano ya nne ilikuwa zamu ya dalili za hatari. Sista Nesta alifungua picha ya mama aliyevimba uso.

"Kichwa kikiuma sana, hakisikii dawa, macho yanaona nyota au ukungu, usilale. Usinywe chai ukasubiri. Hiyo ni presha ya mimba, inaua. Njoo hospitali saa hiyohiyo."

Gwantwa aliomba arudie. Akarudia. Gwantwa akalia palepale, kwa sauti, mbele ya waume za watu. Miaka kumi na minne alikuwa ameamini kwamba ni kitambaa, kwamba alikikaza mno. Kivuli kilisogea kikamfunika uso mpaka alipomaliza.

Saa saba wenye barua walipoingia, Sista Nesta alikuwa ameshakunja ile picha. Aliwaambia habari ya glovu na wembe mpya, akasema mengine wiki ijayo. Gwantwa alipishana na Aida mlangoni. Alikusudia kumweleza. Lakini moyo wake siku hiyo ulikuwa umejaa, alitaka afike nyumbani amwambie Ketrina kwamba hakumuua mama yake, na Aida akawa wa kesho. Wiki iliyofuata pia alikusudia.

Ofisa wa upande wa pili aliendelea kuuliza kadi za vivuli. Mwisho wa mwezi vivuli vya madereva vilikuwa vimejazana langoni, na jioni wanawake walikwenda kuchukua vya kwao. Wengine hawakuwa na hakika, wakachukua kilicholingana kwa urefu. Kliniki ikajaa wenza. Kwenye ukuta wa Sista Nesta mchoro wa ushiriki wa akina baba ulipanda hadi ukagusa dari, na wageni kutoka mkoani wakaja kuupiga picha. Aida hakuwa na cha kuchukua langoni. Mwanamume wake hakuwa dereva, na alipoondoka aliondoka na kivuli chake.

Jumamosi moja, mimba ikiwa ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, Gwantwa alikuwa anafua. Kichwa kikamshika, na povu kwenye beseni likaanza kumetameta nyota. Ketrina akasema ni jua, akaenda kubandika chai. Saa hiyo vivuli vyote vya Tunduma vilikuwa vimejikunja chini ya miguu ya wenyewe. Cha Deus kilijinyoosha kutoka uani, kikapita getini, kikalala barabarani, na bodaboda wa kwanza aliyekifikia akafunga breki. Gwantwa alipanda bila viatu. Hospitali walimchoma sindano, wakampasua, wakatoa mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

"Kumbe walikuwa wanafundisha kitu," Ketrina alisema, akimpokea mjukuu.

Deus alirudi mtoto akiwa na wiki tano. Alimbeba kama dumu la dizeli. Kivuli, ukutani, kikamwonyesha mikono inakaa wapi, naye akafuata. Alikaa siku mbili, akacheka sana, na alipoondoka alikuwa na kadi mbili za homa ya manjano. Kivuli kilichelewa kidogo mlangoni, upande wa kitanda cha mtoto. Kisha kikamfuata miguuni, kama inavyotakiwa.

Jumatano Gwantwa alimpeleka mtoto kupimwa uzito.

"Baba wa mtoto?" Sista Nesta aliuliza.

"Amevuka."

"Na kivuli?"

"Wamevuka wote."

"Barua?"

"Sina, sista. Lakini daftari lako linanijua."

Sista Nesta alilifungua daftari, akaona zile sahihi za giza, mstari baada ya mstari. "Linamjua yeye," akasema kwa upole. "Leo nitakuhurumia, lakini kaa kule mwisho."

Mwisho wa benchi alikuwepo binti mmoja, Enesi, tumbo lake bado dogo, barua yake imekunjwa mara nne mkononi. Kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Aida hajaja?" Gwantwa aliuliza.

"Yule wa dagaa? Si tulimzika Ijumaa, dada. Aliumwa kichwa tu, asubuhi. Wakampa chai."

"Na mtoto?"

Enesi alitikisa kichwa.

Gwantwa alikaa kwenye nafasi ya Aida. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na hakuitafutia pa kwenda. Mlangoni Sista Nesta aliita wenye wenza, na wanawake wakainuka na vivuli vyao, vingine vikiwapwaya, wakaingia. Mlango ukafungwa. Jua lilikuwa limefika kwenye benchi.

Alimhamishia mtoto mkono wa pili, mkono chini ya shingo, akamgeukia Enesi.

"Mdogo wangu," akasema, "kichwa kinakuuma?"