Milioni Moja, Elfu Mbili na Moja

Nyumbani kwetu namba kubwa haikupita salama. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliivunjavunja ya kila gari lililoegeshwa mlangoni, kutafuta inagawanyika kwa ngapi, na mimi, binti yake na kifungua mimba, nikamsaidia. Mama alikuwa akisema tunachinja namba kwa sababu kuku hatuna.

Siku hiyo Baba alikuwa amelala wodini, damu imevia kichwani, nusu ya uso imelegea. Mimi nilikuwa ganzi tupu. Watu waliniambia pole, nikaitikia asante, basi.

Daktari hakutuficha. Kama akili bado ipo, watampasua mchana huohuo. Kama imeshaondoka, kisu kitamtesa bure, heri apumzike.

Akamuuliza Baba leo ni tarehe ngapi. Swali gani hilo! Baba hata alipokuwa mzima hakujua tarehe. Alijua tu kama mwaka unagawanyika.

"Muulize namba," nikasema.

"Namba gani?"

Nikaunyanyua mkono wa Baba, nikamwonyesha utepe wa plastiki waliomfunga: 1002001. Akautazama muda mrefu, midomo ikihangaika.

"Tasa," akasema.

Yaani haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Si kweli hata kidogo. Nilikuwa nimeshaiona kabla hajafumbua mdomo: elfu moja na moja, mara elfu moja na moja. Na aliyenifundisha kuona hivyo ndiye huyu. Nikangoja machozi, hayakuja.

"Amepata?" daktari akauliza.

"Amekosa."

Akanipa pole, akatoka. Mama aliyekuwa akikunja shuka akaniacha mdomo wazi kwa ukali wake.

"We mtoto una nini? Mwenzio anakungoja!"

"Ananingoja nini, Mama? Si amekosa?"

"Miaka yote mmenipigia kelele, mimi nisiyejua hesabu nimeshika, wewe umesahau? Yeye huanza na tasa, ya kukuchokoza tu. Halafu wewe unambishia."

Nikamgeukia Baba. Jicho lake zima lilikuwa usoni mwangu, nalo limechoka kungoja.

"Saba," nikasema.

"Mara ngapi?" Sauti ilitokea upande mmoja wa mdomo.

"Mbili."

"Enhe."

"Kumi na moja, mara mbili. Kumi na tatu…"

"Mbili," akamalizia. "Mraba huo, binti yangu."

Nilitoka mbio na kandambili moja, nyingine imebaki chini ya kitanda. Daktari alikuwa mwisho wa korido, akimwambia muuguzi nafasi ya upasuaji apewe mgonjwa mwingine. Nikalidaka koti lake.

"Daktari, aliyekosa ni mimi."