Mkwe Asiyekwenda Msibani

Katika mahakama ya wilaya ya Nkwantapon, hakuna mtu aliyekufa mara nyingi kama bibi wa mshtakiwa. Jumatatu anafariki kwa kesi ya kuku, Alhamisi anafariki tena kwa kesi ya pikipiki, maskini hata kaburini hapumziki. Hakimu Afia Birago alikuwa na huruma, na watu walikwishamjua. Walimjia na nguo nyeusi, walimjia na macho yaliyosuguliwa vitunguu, naye akawaachia kwa dhamana wakazike. Mpaka siku mwizi mmoja wa nyaya za umeme alipomlilia marehemu mama yake, akaachiwa, akatokomea. Wiki iliyofuata marehemu mwenyewe akaonekana uwanjani pa mahakama anauza machungwa, anauliza kama kuna aliyemwona mwanawe. Mji mzima ulicheka. Hakimu alijifungia ofisini na aibu yake.

Kwa hiyo mashine ilipoletwa kutoka Accra kwa majaribio, aliipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa moja tu. Inatazama habari za mshtakiwa, kazi yake, kesi zake za nyuma, simu yake inalala wapi, halafu inatoa namba, kuanzia moja hadi kumi, kuonyesha kama akiachiwa atakimbia. Ilikuja na fundi wake, dada mmoja mpole aliyeitwa Naa Dei. Makarani waliibatiza Mkwe, kwa sababu haicheki, haili, na ikifungua mdomo ni lawama. Hakimu aliwaacha waseme. Yeye alikuwa na hamu ya kujua jambo moja: je, kitu kisicho na huruma kinaweza kuona yale ambayo huruma yake ilimficha?

Alhamisi moja akaletwa Yaw Dwomoh, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa shtaka la kununua geti lililoibwa shuleni. Mtu mzima, shati limejaa vitundu vya cheche.

"Mheshimiwa, naomba dhamana," alisema. "Mjomba wangu amefariki. Tunamzika Jumamosi."

Mahakama nzima ikaguna. Karani Odame, mzee ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo, alishindwa kujizuia. "Lo! Leo wajomba! Mabibi wamekwisha?"

"Karani!" hakimu alimkemea, ingawa moyo wake mwenyewe ulikuwa umeshafunga mlango.

"Si uongo, Mheshimiwa," Yaw alisema. "Mjomba ndiye aliyenilea, na mimi ndiye mrithi wake. Nisipokuwepo, nani atawapokea wageni? Ukoo utasema mzee alifuga nyoka. Baada ya hapo nifungeni mnavyotaka. Naomba Jumamosi tu."

Mkwe akaulizwa. Akatoa nane.

Inspekta Ahiable, mwendesha mashtaka, alitabasamu hadi jino la mwisho. "Nane, Mheshimiwa. Huyu ukimfungulia mlango, tutamtafutia Abidjan."

Mwezi uliopita hakimu angesema sawa, aje mwingine. Lakini siku hiyo kitu kilimwasha. "Naa Dei, mwanangu, hiyo nane imetoka wapi?"

Fundi aliinama kwenye kioo. "Anatangatanga, Mheshimiwa. Karibu kila Jumamosi simu yake inalala nje ya mji. Leo Ejura, kesho Mampong, Effiduase, Bekwai. Mashine inamwona ni mtu asiye na mizizi."

Hakimu akamgeukia Yaw. "Ejura ulifuata nini?"

"Msiba, Mheshimiwa. Shemeji wa mjomba."

"Mampong?"

"Msiba. Mzee Amponsem, fundi aliyetuanzishia karakana."

"Effiduase?"

"Msiba."

Watu wakaanza kucheka. "Wewe bwana," Odame alisema, "huna hata siku moja uliyokwenda harusini?"

"Harusini mpaka nialikwe, mzee wangu. Msiba hauna mwaliko."

Hapo kicheko kikapungua. Hakimu alisogeza kiti. Katika miaka yake yote kortini alikuwa amejifunza kwamba mwongo huja na maiti mmoja, tena asiye na jina. Huyu alikuwa amekuja na makaburi ya mkoa mzima. Je, mtu wa namna hii hana mizizi, au mizizi yake ndiyo imetambaa mpaka Mkwe ameidhani miguu?

"Na Bekwai?"

Yaw aliangalia chini. "Msiba, Mheshimiwa."

"Wa nani?"

"Wa bibi mmoja aliyeimba kwaya na mjomba ujanani. Mjomba alikuwa kitandani tayari, akanituma mimi. Mvua ilinyesha sana. Nguzo ya turubai ilitaka kuanguka, nikaishikilia mpaka watu wakamaliza kula. Ndiyo hivyo tu."

Hakimu Birago aliweka kalamu chini. Bibi yule wa kwaya alikuwa mama yake mkubwa, Maame Pinamang, aliyemlea na kumsomesha. Mvua ile aliikumbuka. Aliikumbuka pia nguzo, na mgongo wa mwanamume aliyeikumbatia, ameloa chepechepe, na wala yeye hakwenda kumtazama usoni wala kumwambia asante. Na mtu huyu, ambaye bila shaka alimwona pale miongoni mwa wafiwa, alikuwa amelificha jina la marehemu huku gereza likimkabili, ili asionekane anadai.

Basi akamwamini. Akamwamini kabisa, na papo hapo akaogopa. Kwa watu wa kwao, aliyelowa kwenye msiba wako ana haki kwako mpaka ufe. Hakimu atamhukumuje mtu anayemdai? Na waraka wa majaribio ulikuwa wazi: hakimu akijitoa, neno la mashine linasimama mpaka aje hakimu mwingine, naye haji kabla ya Jumatatu. Akisema ukweli, mjomba anaingia ardhini bila mrithi wake. Akinyamaza, nani atamuuliza? Alimtazama Mkwe, kijitaa chake cha kijani kinapepesa. Hakuna aliyewahi kunyeshewa kwa ajili yake. Hadaiwi na mtu. Hakimu alimwonea wivu waziwazi.

Akavua miwani.

"Nina neno, kabla sijaamua. Msiba huo wa Bekwai ulikuwa wa mama yangu mkubwa. Mtu huyu alituzuilia mvua, nami nina deni lake. Inspekta, una haki ya kunikataa. Ukinikataa, ninajitoa, na ile nane inasimama. Sema."

Yaw alifumba macho. Naa Dei aliacha kubonyeza. Inspekta Ahiable alisimama polepole, akavuta mkanda juu ya tumbo, akamtazama mshtakiwa, akaitazama dari.

"Mheshimiwa," alisema, "chini ya turubai lile nilikuwepo. Wali wangu ungekuwa uji kama si huyu bwana. Karani Odame alikuwa ubavuni pangu, anapiga sahani ya pili."

"Ya kwanza!" Odame alifoka.

"Ya pili, mzee, na paja langu la kuku ulilichukua. Sasa, Mheshimiwa, nikikukataa wewe itabidi nijikatae na mimi, na karani, na askari wa mlangoni, maana ofisi nzima tulikwenda kwa basi moja. Humu ndani wasiofika Bekwai ni Mkwe na huyu dada wa Accra. Geti la shule bado nalidai, na kesi nitaiendesha. Lakini kwa dhamana, sina pingamizi."

Mahakama ikalipuka kwa kicheko, na hakimu akatoa dhamana. Yaw hakucheka. Alikaa chini pale pale kizimbani, kama mtu aliyetuliwa gunia, akafunika uso kwa mikono. Shangazi zake walipigana vikumbo nani awe wa kwanza kumdhamini.

Jumanne ya kurudi, Yaw alifika kabla milango haijafunguliwa. Kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi, macho mekundu ambayo safari hii hayakuhitaji kitunguu. Odame mwenyewe alimpa mkono na pole.

Naa Dei alimvuta hakimu pembeni. "Nimemuuliza Mkwe upya, Mheshimiwa, ndio utaratibu. Namba imepanda. Sasa ni tisa."

"Tisa! Si amerudi huyo, amekaa pale?"

"Jumamosi simu yake ililala nje ya mji."

Hakimu alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu amekwenda kuzika, amerudi kwa miguu yake mwenyewe, na Mkwe amemwongezea moja! Naa Dei alicheka pia, ila kidogo.

"Naweza kuifundisha habari za misiba," alisema. "Itachukua muda, lakini itajifunza. Ila naomba nikuulize, mama, kwa heshima zote. Asingeitaja ile mvua ya Bekwai, ungemwamini?"

Hakimu alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo, tena haraka. Alitafuta hiyo ndiyo kifuani mwake, akaikosa, na lile pengo likamtisha kuliko ile tisa. Akaingia mahakamani.

Kesi ya pili ilikuwa ya kijana mmoja, Atibila, mbeba mizigo sokoni, mtu wa mji uitwao Bongo, huko kaskazini ya mbali ya nchi. Alishtakiwa kwa gunia la mahindi. Mkwe alimpa saba.

"Mheshimiwa, naomba dhamana," kijana alisema kwa lafudhi iliyowafanya wengine watazamane. "Baba yangu amefariki."

Mahakama ikaguna, kama kawaida yake. Hakimu alimtazama inspekta. Alimtazama Odame, na askari wa mlangoni. Nyuso zote zilikuwa zimefungwa. Humu ndani hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kufika Bongo, na baba wa kijana huyu, kama kweli amekufa, hawakumjua hata kwa jina. Kwa Atibila, wote walikuwa Mkwe.

Inspekta alikuwa ameshafungua mdomo. Hakimu Birago aliinua mkono kumzuia, akasogeza kiti chake mbele mpaka kikagonga meza.

"Sogea karibu, mwanangu, nikusikie vizuri," alisema. "Baba yako aliitwa nani?"