Mapipa ya Noelene

Clem Purdon alipotumbukiza gari mtaroni kwa mara ya pili, polisi walimwita mkewe Noelene aje amchukue. Alimkuta amekaa kwenye matope, mvua inamnyeshea, anacheka peke yake. Mvua si kitu kwetu hapa Zeehan. Kilichomtetemesha Noelene ni alama za magurudumu: gari lilikuwa limekatiza moja kwa moja mahali watoto wanaposimama asubuhi kungojea basi la shule.

"Safari nyingine utaua mtu, Clem," polisi alimwambia.

"Si nilikuwa nakwenda zangu nyumbani tu?"

Hakuwa mtu mbaya. Mgodi ulipofungwa alibaki na mgongo mbovu na siku ndefu zisizo na kazi, na wenzake wa mgodini walikuwa wamehamia Rosebery. Huko ndiko alikokwenda kunywa, na barabara ya kurudi ni kona tupu.

Mimi ni jirani yao, tumetenganishwa na uzio wa mabati, na wiki ile ndimi niliyempeleka Noelene mjini Burnie. Dukani alichukua sanduku la wanaoanza kutengeneza bia: kijipipa cha plastiki kisichozidi ndoo, kopo la kimea kizito kama asali, pakiti ya hamira na chupa chache.

"Umekuwa mpika pombe sasa, dada?" nilimtania.

"Akinywea nyumbani hatashika usukani," alinijibu. Hakucheka.

Bia ya kwanza Clem hakuisubiri ikomae. Alikunywa glasi nzima, akakunja uso. "Mama wee! Hii umeikamua kwenye soksi zangu?" Lakini aliimaliza yote, maana kijipipa kile kilikuwa cha mtu anayeonja, si cha mtu anayekunywa. Nyingine ilipokuwa bado inachacha, yeye alikuwa ameshashika njia ya Rosebery, na Noelene amekaa dirishani anasikiliza kila gari linalopita.

Basi tukarudi Burnie. Safari hii alimbana mwenye duka kwa maswali mpaka wateja wengine wakaanza kuguna nyuma yetu. Aliondoka na seti kamili, ile wanayoitumia wazoefu: mapipa mawili makubwa yenye koki chini, kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya bia, mashine ya kubana vizibo, na makopo ya kutosha. Pipa moja likinywewa, la pili linachacha. Hapatakuwa na siku kavu.

Mwenye duka alimwonya asitumie sukari nyeupe, atumie kimea cha unga. Asafishe kila kitu kama vyombo vya mtoto mchanga. Asijaze chupa mpaka kile kipimo kitulie, yaani bia imalize kuchacha, la sivyo zitapasuka. Noelene alishika yote. Bandani kwake aliyafunika mapipa kwa mablanketi ya utotoni ya binti yao Kerrin ili yasipate baridi, na ukipita ulisikia mapovu yakitoka taratibu, blupu, blupu, kama mtu anayepumua usingizini.

Bia ikawa bia kweli. Clem aliinua glasi dirishani. "Vern, tazama povu hilo! Mke wangu huyo!" Vern, rafiki yake wa tangu mgodini, alianza kuja yeye kutoka Rosebery. Gari la Clem lilikaa mpaka magurudumu yakaota kuvu. Polisi alipita kumshukuru Noelene. Dukani wanawake walimwambia, "Umemtuliza mzee, hongera," naye, baada ya miaka, akawa analala usiku kucha.

Alichokisahau, na sisi sote tulikisahau, ni kwamba baa hufungwa. Koki ya bandani haikufungwa. Clem alianza baada ya chakula cha mchana, halafu kabla yake, halafu kabla ya chai ya asubuhi. Vern alipunguza kuja, maana mwenyeji wake alikuwa akisinzia katikati ya maneno. Pai ya nyama ilirudi jikoni haijaguswa. Miguu ikavimba. Macho yakawa ya manjano.

Nesi wa zahanati alimvuta Noelene pembeni. "Ini hilo. Na usimkatie ghafla, mwili utashtuka, anaweza kuanguka kifafa akafa. Akubali kulazwa Burnie wamwachishe pole pole."

"Hospitali?" Clem alisema. "Baba yangu aliingia kwa miguu yake, akatoka ndani ya sanduku. Siendi."

Ndipo Noelene akaugeuza ule ujuzi wake. Kila alipotengeneza bia mpya alipunguza kimea kidogo na kuongeza maji, halafu akaunguza sukari kidogo kwenye sufuria ili rangi isimsaliti. Mpira wa maji nilimshikia mimi. Ilikwenda hivyo kwa muda, na mikono ya Clem ikaacha kutetemeka sana, mpaka siku alipomwita.

"Noelene. Njoo uonje."

"Ni ileile, Clem."

"Umeniwekea maji."

Noelene alianza kufuta meza.

"Mimi ni mtoto? Unanichanganyia uji?"

"Nilikuwa nakupunguzia. Nesi alisema..."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Clem hakupiga kelele. Alijikokota mpaka bandani, na tangu siku hiyo akawa anajitengenezea mwenyewe: kopo moja, mifuko miwili ya sukari nyeupe, bila kungoja. Noelene akaificha hamira. Clem akatumia ya mkate. Bia ile ilichoma koo kama dawa ya kutolea rangi. Kabla baridi haijaisha alianza kutapika damu, akapelekwa Burnie, akafia huko.

Kerrin alikuja kutoka Melbourne. Baada ya mazishi, jikoni, akipanga sandwichi kwenye sahani, alisema bila kumtazama mama yake, "Baba alikuwa anakunywa wikendi. Wewe ulimjengea baa nyumbani."

"Ningemwacha agonge watoto wa watu?"

"Sijui, mama! Sijui ungefanya nini!" Akaiacha sahani, akatoka akasimama mvuani.

Vern alikuja akiwa ameshika kofia. "Pole, mama. Samahani, hivi yale mapipa utayafanyia nini? Mke wangu hapendi niendeshe nikishakunywa."

"Nani kakutuma?"

"Si yeye mwenyewe? Yule pale."

Mkewe alikuwa kwenye birika la chai. Alitabasamu kwa haya.

Noelene aliniomba drili. Alikwenda bandani na nguo zake za msiba, akalilaza pipa la kwanza na kulitoboa kitako, kisha la pili, na bia aliyoiacha Clem ikamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyetu. Kerrin aliingia, akalishika pipa lisibingirike.

Keshoye Noelene alikwenda Rosebery kumwonya mke wa Vern. Alirudi mapema kuliko nilivyotegemea.

"Kasemaje?" nilimuuliza.

"Kasema wivu. Eti sitaki mume wake naye akae nyumbani."

Tangu hapo mwanamke yule hamsalimii. Na Vern, wanasema, ana mapipa yake mapya, siku hizi haonekani tena barabarani.