Sosi Haina Sukari, Mwaitu

Aliyesema dada yangu ni mnene ni Mama Mbaluka, mamake mchumba wake, na alisema hivyo mezani kwake kule Kilungu, mdomo umejaa kuku tuliyempelekea sisi. "Kanini, gauni la harusi si hema. Utamwaibisha mwanangu." Mbaluka mwenyewe alikuwa hapo, anachokonoa meno kwa kijiti. Akacheka. Nkt! Harusi ilipangiwa Agosti, na Kanini alimpenda huyo mwanaume kwa namna ya kukera.

Basi akaanza keto, ile diet ya kuacha wanga na sukari. Ugali hapana, chapati hapana, hata embe la shambani kwetu hapana. Mkamba anakataa isyo, mahindi na maharagwe aliyolelewa nayo! Tunaishi pamoja Sultan Hamud, mimi ni mpishi wa hoteli ya barabarani, na kila jioni namwona anameza samaki mkavu huku machozi yakimlengalenga. Roho ikaniuma.

"Nikutengenezee tartar sosi," nikamwambia, "angalau huyo samaki ateremke."

"Si hiyo ina sukari, Nduku?"

"Ya dukani ndiyo wanatia sukari. Yangu ni viini vya mayai, mafuta, siki na matango ya siki. Keto si inataka mafuta?"

Akala, akalamba kijiko. Ikawa ndiyo raha yake pekee duniani, chupa haimtoki mkobani. Akakonda haraka. Lakini mtu akikosa wanga pumzi hubadilika, hunuka kama tunda lililoanza kuchacha, na ukiongeza siki juu yake, wacha tu.

Jumapili ya kuonana na wazee wa kanisa kuhusu harusi, Mama Mbaluka alimkumbatia Kanini mlangoni, kisha akaruka nyuma. "Ngai! Huyu amekunywa kaluvu!" Pombe, tena kwa kanisa letu, ambako mtu hufukuzwa kwenye kwaya kwa kuonekana tu karibu na baa! Akapekua mkoba bila ruhusa, akafungua chupa, akanusa. "Imechacha hii!"

"Ni sosi, mwaitu," Kanini akasema. Alikuwa ameshaanza kumwita hivyo, mama. "Haina hata sukari."

"Sosi gani nyeupe? Haya, puliza wazee wasikie."

Dada yangu, mwalimu wa nasari, mtu wa heshima zake, akasimamishwa mbele ya wazee akawapulizia usoni mmoja mmoja. Kila mmoja akakunja pua. Kuna mzee pale ananuka kitunguu hadi kwa jirani, lakini yeye hakuna aliyemwambia apulize.

Nikalipuka. Nikachovya kidole kwenye chupa nikalamba mbele yao, nikawaambia ni chakula cha kukondesha, na aliyemwamuru akonde yuko hapo hapo, amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa.

"Mimi?" Mama Mbaluka akashika kifua. "Nimwambie mtoto wa wenyewe asile? Mbaluka, uliwahi kunisikia?"

Kanini akamgeukia Mbaluka. Neno moja tu lingemwokoa. Mbaluka akaangalia viatu vyake.

"Sikumbuki, mama."

Wazee wakaisukuma harusi mbele mwaka mzima, ati Kanini achunguzwe mwenendo.

Tulipofika barabarani Mbaluka akaja mbio. Nikadhani anakuja kupiga magoti, mjinga mimi. "Kanini, vumilia," akasema, akiniangalia kwa wasiwasi. "Mama atatulia. Lakini hiyo diet usiache. Umependeza sana."

"Sawa," akasema Kanini.

Sawa! Mbaluka hajafika hata langoni, nikamzaba dada yangu kofi. Aliyestahili ni yule mwanaume, najua, lakini aliyekuwa karibu ni yeye. Hakulia. Shavu halikuwa na nyama ya kupokea kofi, na kiganja changu kiligonga mfupa.