Simu Yenye Saa Zake

Mhandisi alikuwa amekwisha kuulizwa mara nne swali lile, mbona waamini kwamba simu yake inashika, na lilipokuja mara ya tano damu ilimchemka. Aliyeuliza ndiye kiongozi wa wawekezaji, mzee mkavu ambaye pale ofisini walimpachika jina la Mzee Mbona, maana sentensi zake hazikuwa na mwanzo mwingine. Mbona simu ni nzito? Mbona uzinduzi umeahirishwa mara tatu? Mbona mtu wa porini aache redio yake anunue hii? Wenzake wawili walikaa kushoto na kulia wakiitikia kwa vichwa tu, hawana lao.

Na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Wakitia saini, simu ya setilaiti ingeingia madukani mwezi ujao. Wasipotia, kampuni ingefunga milango, na miaka saba ya mhandisi ingekwenda na maji. Alilala na kuamka na simu hiyo, hata mama yake akaacha kumuuliza ataolewa lini, akawa anauliza simu itatoka lini.

Mkurugenzi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alieleza kila kitu upya, kisha akaligonga faili kwa kidole. Wajaribu kumi na wawili, mabondeni na misituni, kwa miezi minane, na katika kila simu mia walizopiga, tisini na saba zilishika. Hesabu hiyo ilikuwa ya mhandisi. Aliijumlisha simu moja moja kwa mkono wake, na mtu kuitilia shaka kulimuuma kuliko tusi.

"Mbona tusipige sasa hivi?" akasema Mzee Mbona.

Mkurugenzi akatazama saa, akasema chai iko njiani, wakishakunywa watapanda paani. Mhandisi naye akatupa jicho ukutani bila kujijua. Palikuwa na karatasi iliyobandikwa katika kila chumba cha ofisi ile, mpaka chooni, yenye saa za setilaiti kupita. Angani zilikuwa nne tu kwa sasa. Kila moja ilipita kwa dakika kumi na kitu, kisha anga likabaki tupu kwa saa nzima au zaidi. Nyingine ishirini zingerushwa baadaye, biashara ikishachanganya. Faili lililitaja jambo hilo ukurasa wa arobaini, chini kabisa, likaliita kusubiri kidogo. Iliyofuata ilikuwa ya saa tisa na dakika ishirini, na sasa ilikuwa saa nane na nusu.

Mzee akasema chai hanywi, akasimama.

Lifti iliishia ghorofa ya sita, na ngazi zilizobaki zilikuwa kali. Mzee alihema lakini hakupumzika, na mhandisi alimlaani kimoyomoyo kila kidato. Mtu aliyekuja kutafuta kasoro, hata maziwa atayaona meusi.

Huko juu mhandisi akainua antena, akampigia mjomba wake. Mjomba alikuwa bwana misitu, akiishi kwenye kituo cha milimani kisichofikiwa na mnara wowote, na ndiye mjaribu bora kuliko wote. Daftari lake halikuwa na simu hata moja iliyokataa. Simu ikatafuta, ikaendelea kutafuta. Jua likawachoma visogo. Mkurugenzi akaanza kueleza habari za mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Mbona haishiki?"

"Saa yake bado," mhandisi akajibu kwa ukali, na lilipomtoka neno hilo akalisikia.

Akabaki amesimama na simu mkononi. Wajaribu wote aliwapa ratiba ileile siku ya kwanza, kwa nia njema, wasimalize betri bure. Mjomba aliibandika juu ya kitanda chake. Kwa miezi minane hakuna aliyepiga saa ambayo simu isingeshika, kwa hiyo hakuna aliyeandika kwamba haikushika. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na yeye alivuta bila kujua kwamba ngoma anaiwamba. Alijikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mzee yule.

Mzee Mbona akapindua ndoo, akaikalia, akasema atangoja. Wakangoja wote. Saa tisa na dakika ishirini na moja simu ikalia yenyewe, mhandisi akaipokea, na sauti ya mjomba ikatoka safi, kila mtu akaisikia.

"Hujambo, mama? Saa yetu imefika."

Mzee akaomba simu. Akasalimia kwa adabu, akauliza kama inamfaa, na mjomba akaimwagia sifa mpaka mkurugenzi akaanza kutabasamu.

"Na mtu wako akiangukiwa na mti saa hizi zikishapita?" mzee akauliza.

Mjomba akafikiri. "Namfunga kidonda, nampakia kwenye pikipiki. Pikipiki haina ratiba."

Mzee akairudisha simu kwa mikono miwili, akasema leo hatii saini, akauliza hesabu ya kweli iko wapi. Mkurugenzi akafungua kinywa, lakini mhandisi alimwahi.

"Hatuna," akasema.

Mzee akasema wakiipata wanajua anapopatikana, na safari hii hakuanza na mbona. Wageni wakashuka. Mkurugenzi akawafuata bila kumsemesha mhandisi. Kampuni ilikuwa na uhai wa mwezi mmoja, basi.

Mjomba alikuwa bado hewani.

"Ing'oe ile karatasi ukutani," mhandisi akamwambia.

"Sasa nitajuaje saa ya kupiga?"

"Usijue. Piga unapohitaji."

"Na isiposhika?"

"Andika, mjomba. Kila mara, andika."

Kesho yake jioni setilaiti ilipopita, akampigia mwenyewe, kalamu mkononi. Mjomba akasema tangu jana amepiga mara tisa.

"Ikashika mara ngapi?"

"Hii tu," mjomba akasema. "Na hii umepiga wewe, mama."