Maji Hayaulizi Tarakimu

Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa dirishani akikung'uta godoro la wanawe, akamwona yule binti yatima akiingia sebuleni na ndoo. Ndoo kabisa, si bakuli. Akachovya tambara, akalikamua kidogo tu, akaipangusa ile kompyuta mpya juu, chini na katikati ya vitufe, mpaka ikatoa moshi. "Moshi wa buluu," anasema Mama Pacha, na ukimtazama kwa shaka huongeza kwamba ulinuka.

Katika hayo yote, kitu kimoja tu kilikuwa kweli: tambara lilikuwapo. Kila asubuhi binti alilipangusa kabati la vioo la sebuleni, kwa sababu Shangazi hakutaka kuona vumbi karibu na kompyuta ya mwanawe. Kompyuta yenyewe ilikaa rafu ya kati, kati ya seti ya vikombe visivyonywewa na picha ya harusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hata ile karatasi ya nailoni ya dukani Shangazi alikataa ibanduliwe. "Ukibandua," alisema, "upya wake utatoka."

Binti aliingia katika nyumba hii akiwa na miaka kumi na minne, siku chache baada ya baba yake kuzikwa, na cheti cha darasa la saba kilichokunjwa mara nne. Shangazi alikuwa dada wa baba yake, damu moja. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Asubuhi alifua, alideki, alipika. Mchana alikwenda kufagia karakana ya Fundi wa kompyuta mtaa wa pili, maana Shangazi alisema mtoto akikaa bure huota mikia. Ndipo mwana wa Shangazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Injinia japo alikuwa bado chuoni, akampa jina: Ufagio. "Ufagio, maji ya kuoga." "Ufagio, soksi zangu ziko wapi?" Jina likanata.

Jambo ambalo Shangazi hakulijua ni kwamba kule karakana binti hakushika ufagio tu. Alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama mwaka mzima bila kuuliza, na mwaka wa pili Fundi akamsukumia bisibisi mezani. Tangu hapo alikuwa na kiti chake, kibovu, kinachocheza mguu mmoja, lakini chake. Katika dunia nzima hakuwa na kitu kingine cha kumwogopesha akikipoteza.

Alhamisi asubuhi Injinia aliiwasha kompyuta mbele ya mama yake, ikakataa.

"Mama, mimi nimeikuta hivi hivi. Imekufa."

"Imekufaje, nayo haijamaliza hata mwezi? Nani ameigusa?"

Injinia hakumtaja mtu. Alilitazama tu lile tambara begani kwa binti, akalitazama kabati, akakuna sikio. "Mimi sisemi kitu. Ila anayepangusa kabati anajulikana."

Neno hilo dogo likapita dirishani, likamkuta Mama Pacha, likarudi na ndoo na moshi.

"Shangazi, haki ya Mungu sijaimwagia maji."

"Haki ya Mungu iache huko huko mbinguni. Mimi hapa nataka haki ya kompyuta!" Shangazi alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Mradi wa mwanangu umo humo ndani, Jumatatu anaukabidhi chuoni. Nimekulea, nimekuvisha, nawe unanilipa kwa tambara la maji? Jumamosi unarudi kwa mama yako wa kambo."

"Shangazi, kule kitanda changu amepewa mpangaji."

"Utalala chini, sakafu haina mpangaji. Na leo utaibeba mwenyewe mpaka kwa Fundi, ukae pale uone aibu yako ikifunguliwa parafujo moja moja."

Injinia alicheka puani. Binti akaifunga kompyuta ndani ya khanga, akaitia kwenye begi la Injinia pamoja na chaja, akatoka. Njiani aliwaza jambo moja. Jana yake asubuhi, Shangazi akiwa kazini, yeye alikuwa korido anapiga pasi, mlango wa sebule umeachwa wazi kiasi cha kiganja. Alimwona Injinia ameitoa kompyuta kabatini, ameichomeka flashi ya kijani, simu ameibana kwa bega. "Nataka mifumo ya kuiendesha iwe miwili, Windows na Linux, kama yako. Lakini inasema haioni diski yoyote. Nibadili wapi? ... Hapo? Sawa. Na huu ulinzi nao nizime? ... Nimezima." Kisha akaiwasha upya. Kisha akaapiza. Kisha akairudisha kompyuta kabatini, akakinyoosha kile kitambaa cha kufuma kona zote nne, yeye ambaye hajawahi kukunja hata shuka lake. Binti aliona, akaendelea na pasi. Ya wakubwa huachiwa wakubwa.

Fundi alikuwa mzee wa miwani mbili, moja puani, nyingine utosini, na ulimi unaokwaruza kuliko msasa.

"Kumbe siku hizi unaosha kompyuta? Jirani yenu amepita hapa asubuhi kunihadithia. Ukimaliza hiyo, nina televisheni mbili pale zina uchafu."

"Fundi, sikuosha."

"Wote husema hivyo. Fungua."

Binti alifungua parafujo kumi, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio wa zilivyotoka, akaunyanyua mgongo wa mashine. Fundi alishusha miwani ya utosini, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kibandiko kidogo pembeni mwa betri.

"Hiki ni nini?"

"Kibandiko cha kuonyesha maji."

"Kikilowa?"

"Hugeuka chekundu. Hata kwa jasho la kidole."

"Na hiki?"

"Cheupe."

"Cheupe kama meno ya mtoto wa miezi saba. Funga, washa."

Ikawaka vizuri tu. Kioo kikawa cha buluu na maandishi meupe: diski imefungwa, ingiza tarakimu arobaini na nane za kuifungulia.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Huo ndio moshi wa buluu wa jirani yenu! Maji hayaulizi tarakimu, binti. Maji huua, basi. Hii haikufa. Hii imeona mtu amechezea kufuli za nyumba, ikamshuku ni mwizi, ikajifungia ndani."

"Nilimwona aliyechezea."

"Sikukuuliza umemwona nani. Nakuuliza utaanzia wapi."

Binti alizima, akawasha tena huku akigonga kitufe cha kuingilia mipangilio ya ndani kabisa, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alikipata kile kilichozimwa: ulinzi wa kuwashia. Akauwasha. Alikipata na kile kilichogeuzwa: namna ya kuisoma diski. Akairudisha ilivyotoka kiwandani. Akahifadhi, akakunja mikono mapajani.

Kompyuta ikafikiri. Kisha Windows ikafunguka kana kwamba haikuwahi kununa, na mradi wa Injinia ukawa pale pale, mafaili yake yote.

Nimepona, binti alijiambia.

"Anayegeuza haya mawili huwa anatafuta Linux. Sasa mpe alichokitaka," Fundi alisema. "Mteja akileta kazi nusu, arudishiwe nzima. Lakini yeye aliingilia dirishani. Wewe ingia mlangoni."

Kazi ile ilimla mchana wote na asubuhi ya Ijumaa. Kwanza alinakili mradi kwenye diski ya karakana. Kisha, akiwa ndani ya Windows yenyewe, alilegeza kufuli la diski ili lisishtuke tena, akaiambia mashine iamke mara moja kwa hali ya tahadhari, na hapo ndipo akaibadili ile namna ya kusoma diski, kwa adabu, mashine ikijua. Akaikata diski vipande viwili, cha mwenyeji na cha mgeni. Flashi ya kijani aliikuta mfuko wa pembeni wa begi, imesahauliwa. Akaichomeka, na Linux safari hii ikaiona diski, ikakaa katika chumba chake bila kumkanyaga mwenzake. Alipowasha upya, kioo kikatoa mistari miwili, mmoja wa Windows, mwingine wa Linux: chagua.

Linux ilikuwa imemtaka aweke neno la siri. Aliliweka. Fundi akageuza uso wakati anachapa.

"Usiniambie mimi," alisema. "Na yeye usimwambie, mpaka aseme mbele ya mama yake alichokifanya. Umenisikia? Ukishampa, huna kitu."

Binti aliona hiyo ndiyo saa ya kuomba. "Fundi, kwenye kadi ya kazi, andika tu kwamba haikuwa maji. Shangazi hataniamini mimi. Wewe atakuamini."

Fundi aliichukua kadi, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa kulala: *Maji. Imekaushwa. Inafanya kazi.*

Binti alisoma mara mbili, akidhani macho yake yamekosea.

"Huyo kaka yako alipita hapa jana jioni ulipokwisha ondoka," Fundi alisema, akifuta miwani kwa shati. "Darasani kwao wako kumi na mmoja, wote wanataka mifumo miwili miwili kama hivi. Ataniletea wote, kadi ikisema maji. Wewe mtoto mzuri, mikono yako mizuri, lakini uzuri wako hauniletei laptopu kumi na moja mlangoni."

"Nitafukuzwa, Fundi."

"Nimekufundisha kazi. Mtu mwenye kazi hafukuzwi, anahama tu." Akasukuma kile kiti kibovu kwa mguu, kikaingia chini ya meza. "Funga mlango ukitoka, vumbi linaingia."

Nyumbani, begi la binti lilikuwa limekwisha pangwa na kuwekwa kizingitini. Shangazi aliisoma kadi kwa sauti, mara mbili, ya pili ikiwa ya Mama Pacha aliyekuja kuazima chujio na kukaa.

"Maji!" Mama Pacha alipiga paja. "Si niliwaambia? Mimi mdomo wangu haupakwi rangi."

"Nimemsikia Fundi, mtu mzima, mtaalamu," Shangazi alisema. "Nawe ulikuwa unamwapia Mungu bure. Huoni haya?"

"Shangazi, iwashe uone. Kuna kibandiko ndani..."

"Kibandiko gani? Wewe nani wa kunieleza vya ndani ya kompyuta? Darasa la saba na vibandiko wapi na wapi!"

Mama Pacha akacheka hadi chujio likamdondoka.

Injinia alikuwa keshaiweka kompyuta mezani. Mistari miwili ilipotokea, uso wake ukang'aa. Akachagua wa pili. Mashine ikaomba neno la siri. Akajaribu jina lake, akajaribu tarehe yake ya kuzaliwa. Akatazama saa, wenzake wawili walikuwa njiani kuja kuiona. Akanyanyuka, akamfuata binti jikoni.

"Dada," alisema.

Binti aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake. Miaka mitano hajawahi kuitwa hivyo na huyu.

"Dada yangu, nipe lile neno."

"Mwambie kwanza mama yako."

"Nitamwambia. Sasa kweli niseme mbele ya yule Mama Pacha, mji mzima ulale na jina langu? Akitoka tu, namwambia mama. Naapa kwa kaburi la mjomba, baba yako."

Binti alimtazama. Alimjua Injinia kama anavyolijua lile kabati, kila mkwaruzo. Injinia akidanganya hukuna sikio. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia, imeshika ukingo wa meza ya jikoni, na macho yake yalikuwa na unyevu. Maneno ya Fundi aliyakumbuka, ila yalikuwa maneno ya mtu aliyeandika *Maji*. Na damu ni damu. Alichukua kipande cha mkaa, akaliandika neno kwenye ganda la boksi la kiberiti, herufi kwa herufi, moja ikiwa kubwa.

"Ahsante, dada," Injinia alisema, na akarudi sebuleni kwa mwendo wa kawaida.

Mama Pacha alikaa robo saa nyingine, akaaga mara tatu, akaondoka. Binti alihesabu hatua zake mpaka mlango wa pili ukafungwa. Akanawa mikono, akaingia sebuleni, akasimama karibu na begi lake.

Injinia alikuwa ndani tayari. Kioo kilijaa rangi mpya, madirisha yanafunguka na kufungwa.

"Mama, njoo uone. Hii ndiyo ile Linux niliyokuwa nakuambia. Nimeiweka mwenyewe."

"Mwenyewe? Na maji yale yote?"

"Na maji yale yote."

"Mungu akuweke, mwanangu." Shangazi alimpapasa kichwa, kisha akamwona binti. "Wewe unangoja nini? Si umwambie kaka yako pole? Kesho gari saa kumi na mbili asubuhi, nisije nikakuamsha mimi."

"Kaka," binti alisema, "Mama Pacha ameondoka."

Injinia alisogeza kidole juu ya kioo, akafungua ukurasa mwingine.

"Kaka, ulisema akitoka tu. Ametoka. Mwambie mama ni nani aliyeigusa."

Shangazi alimtazama mwanawe, nyusi zimepanda kidogo. Huko nje wenzake walikuwa wanabisha hodi, wanacheka. Injinia aliongeza mwanga wa kioo, akakigeuza kielekee mlangoni.

"Kaka. Mwambie."