Kichwa cha Matonya

Je, umbo la kichwa cha Sila lilitoka kwa wazee wake, au lilitokea tu? Siku ya ubatizo wake sikuwa na jibu, na kutokuwa na jibu kulinitisha.

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, Dodoma, na nilikuwa nimekuja Mpwapwa kwa dada yangu Penina. Sila, mwanawe, alikuwa na miezi minne. Kichwa chake kilikuwa kirefu na chembamba, kisogo kimechomoza, na mama mkwe wa dada, mama Raheli, alikuwa akimpitisha kwa wageni mmoja mmoja.

"Mshikeni wenyewe! Hiki ni kichwa cha baba mkwe wangu, Matonya. Nani tena atasema mtoto si wetu?"

"Kofia yake ishonwe kama mtumbwi!" akadakia mgeni mmoja, na watu wakacheka.

Penina hakucheka. Mumewe, Lameck, hufanya kazi machimboni Geita. Mwaka ambao Penina alishika mimba, alikuja nyumbani wiki moja tu, na mimba ilipoonekana, maneno yakaanza. Katika ukoo ule kichwa kirefu ndicho cheti. Sila alipozaliwa, Raheli alipitisha kiganja juu ya kichwa chake, na maneno yakakoma siku hiyohiyo.

Zamu yangu ilipofika, nilipitisha vidole. Katikati ya kichwa, kuanzia mbele hadi kisogoni, nilikuta tuta gumu la mfupa.

Nilimvuta Penina nyuma ya jiko.

"Fuvu la mtoto ni vipande vilivyoungana kwa mishono laini," nilimwambia. "Ubongo unapokua, unavisukuma vipanuke. Nadhani mshono wa kati wa Sila umeshafunga. Ubongo umekosa nafasi ya pembeni, ndiyo maana unasukuma mbele na nyuma. Unaweza kubanwa."

"Unadhani?"

"Picha ndiyo itakayosema. Lakini kama ni upasuaji, ni mwepesi zaidi akiwa mdogo hivi. Tusingoje."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Evarista, ukisema ni ugonjwa, kesho nimefungashiwa vitu vyangu. Sema basi ni ugonjwa wa ukoo wao. Hilo nalo huliwezi?"

Nililipima. Lingeweza hata kuwa kweli, kwa kuwa mara chache hali hiyo hurithiwa. Mara nyingi, hata hivyo, humpata mtoto mmoja peke yake, na huenda Matonya alikuwa na kichwa kirefu tu, chenye mishono mizima.

"Dada, Matonya alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Themanini na kitu. Alichunga mpaka mwisho."

"Nikisema ni kilekile cha Matonya, nani hapa atakubali mtoto apelekwe hospitali?"

Penina aliachia mkono wangu.

"Daktari!" Raheli aliita kutoka uani. "Mbona unajificha na vyungu? Njoo uwaambie wageni kwa kitaalamu. Ni cha Matonya, si cha Matonya?"

Tulitoka. Watu walikuwa wakitabasamu, wakingoja sifa.

"Mama, sijui," nilisema. "Ninachojua ni kwamba mfupa wa katikati ni mgumu kuliko unavyopaswa kuwa kwa umri wake."

Tabasamu la Raheli lilififia. "Mgumu? Unamtia mjukuu wangu kasoro mbele za watu? Au mnataka kusema si wetu?"

Mgeni aliyekuwa amempakata Sila alitazama chini. Penina alimwendea, akamchukua mwanawe, akamweka begani na kuwageukia wote.

"Lameck ndiye baba yake, mwenye shaka akae nayo. Siwezi kukitegemea kichwa hiki kinitetee huku kinamuumiza mwanangu. Mama, kesho asubuhi nampeleka Sila Dodoma akapigwe picha, na wakisema apasuliwe, nitatia sahihi."